Mweupe Amevuka Mlima

Hebu fikiri wewe mwenyewe: ukikatazwa neno moja tu maishani, na neno hilo ndilo linaloshuka mlimani kila mwaka na kufunika paa, njia na migongo ya farasi, utawaonya wenzako kwa neno gani?

'Malitaba Mokhethi ana swali hilo tangu alipoolewa. Asubuhi hii ya Mei analo tena, mikono yake ikiwa ndani ya unga.

Ni saa kumi na moja alfajiri katika nyumba ya wageni ya Thoteng, huko juu ambako barabara ya magari inakoma na mtu anaendelea kwa miguu au kwa farasi. Jiko la chuma linavuma. Samadi kavu inawaka kwa moto wa polepole. 'Malitaba anakanda donge la mkate, analigeuza, analipiga ngumi, kisha analiacha hapo hapo anakwenda mlangoni.

Anafungua. Upepo unaingia na kupeperusha vitambaa vya kufutia vyombo. Anatazama kusini. Anafunga. Anarudi kwenye unga, na kabla hajaligeuza donge mara ya pili yuko mlangoni tena.

"'M'e 'Malitaba, huo mlango utaung'oa," anasema Nyakallo, msimamizi wa nyumba, aliyeketi karibu na jiko, blanketi begani na kikombe cha chai mkononi. "Kama ni nje, kaa nje. Kama ni ndani, kaa ndani."

"Nje kuna baridi, Ausi, na ndani hakukaliki," anamjibu dada huyo.

"Kwa sababu ya leo?"

Kwenye kona, ndani ya ndoo yenye kifuniko, pombe ya mtama aliyoitengeneza wiki hii inachemka yenyewe taratibu, ikitoa povu. Leo ataishusha bondeni, kwa baba mkwe wake.

Majira haya ndivyo yalivyo Thoteng. Mipopla ya mtoni imegeuka manjano na kila upepo unaondoka na majani yake. Mtama umevunwa. Nyasi zimekuwa na rangi ya mbweha. Asubuhi jua linamfanya mtu avue blanketi, adhuhuri analivaa, alasiri mvua ya mawe inapiga mabati, na jioni anga ni safi kana kwamba halikufanya lolote. Farasi hawatulii zizini. Wanazungusha masikio na kupiga kwato bila sababu inayoonekana.

Shuka za wageni 'Malitaba anazianika, anazianua, anazianika tena. Anapika uji mchachu wa mtama, anaoka mkate, anachemsha maji ya kunawa. Jioni anapanga viatu vya wapanda milima kuzunguka jiko na kusokomeza magazeti ya zamani ndani yake, magazeti kama hili unalolisoma, ili vikauke.

"Habari zote za nchi hii zinaishia kwenye viatu vya watu," anasema akicheka. "Mimi huzisoma kabla ya kuzikunja."

Mshahara wake ni maloti elfu mbili na mia tatu kwa mwezi. Nyumba ikifungwa mwishoni mwa Mei kwa ajili ya kipupwe, mshahara nao unafungwa. Lakini si hilo linalomtoa kwenye unga na kumpeleka mlangoni.

Anachotaka 'Malitaba ni njia ya juu.

Baba mkwe wake ana farasi sita. Ndio wanaowabeba wageni kutoka Thoteng, kupita mabonde mawili, hadi kibanda cha mawe kilicho karibu na mgongo wa mlima. Mzee huyo aliiongoza njia hiyo mwenyewe tangu ujana wake, mpaka goti lilipomwangusha. Sasa anayeongoza ni Katiso, mtoto wa ndugu yake. Na Katiso amekwisha sema hadharani kwamba Juni anakwenda kutafuta kazi migodini Rustenburg, kwa sababu amechoka kunuka farasi.

Bila mwongoza njia mzee atawauza farasi, na mnunuzi kutoka Thaba-Tseka ameahidi kuja nyumba itakapofungwa. Siku zilizobaki ni chache.

"Farasi hawa wakiondoka na yule bwana, hawarudi," anasema 'Malitaba. "Na mimi nitabaki kukausha viatu vya watu waliotoka kutembea."

Kupanda farasi hakujifunzia hapa. Alizaliwa upande wa pili wa mlima huo huo, katika nyumba ya mabinti watupu. Baba yake hakuwa na mvulana wa kumtuma malishoni, basi akamtuma yeye, akamvalisha kofia ya kiume na blanketi la kijivu. Alichunga juu huko, alipanda farasi bila tandiko, alijua kila zizi la mawe lililoachwa na wachungaji wa zamani. Halafu akaolewa.

"Shangazi wa mume wangu alinikalisha chini," anakumbuka. "Akanipa jina la mtoto ambaye hata sijamzaa. 'Malitaba, yaani Mama wa Litaba, akasema, kuanzia leo ndiye wewe. Kwa mkono mmoja akanipa hilo jina, na kwa mkono mwingine akaninyang'anya neno moja."

Neno hilo ni theluji. Kwa Kisotho theluji ni lehloa. Na baba mkwe wake, aliyezaliwa katika kipupwe kilichofunika milango, aliitwa Lehloa. Mkaza mwana halitaji jina la baba wa mumewe, hata likiwa linaanguka kutoka mbinguni.

Basi 'Malitaba akajitafutia neno lake. Anaiita Mweupe. Mweupe kalala juu ya paa. Mweupe kaziba mlango wa kuku. Nyumba nzima ikazoea.

"Mwanangu Litaba alipokuwa mdogo alidhani Mweupe ni mgeni wetu wa kila mwaka," anasema. "Akaniuliza, Mama, safari hii atalala chumba gani?"

Wala si jina peke yake. Mzee Lehloa akija Thoteng na farasi, 'Malitaba hufunika mabega yake kwa blanketi, huweka sahani ya ugali na mboga mezani bila kumtazama usoni, na hutoka akienda upande. Miaka yote ya ndoa yake, hajawahi kumwambia mzee huyo sentensi ndefu kuliko "karibu chakula, Ntate," yaani baba. Mtu wa namna hiyo atamwombaje mkwewe farasi sita na njia?

Alijaribu kupitisha ombi kwa mumewe, Letlatsa, ambaye yuko migodini. Letlatsa akacheka kwenye simu. "Mimi mwenyewe simwombi baba kiberiti, sembuse farasi!"

Akapitisha kwa Nyakallo. Nyakallo akamfuata mzee zizini, akaeleza vizuri, akasifu mpaka akamaliza sifa zote. Mzee akaendelea kukagua kwato. Mwisho akasema, "Sasa Ausi, wewe ndiye unayetaka farasi?"

"Hapana, Ntate. Ni 'M'e 'Malitaba."

"Basi mbona nakusikia wewe?"

Mambo yakaishia hapo. Tangu siku hiyo 'Malitaba hufanya mazoezi ya kusema. Huliambia donge la mkate: Ntate, nakuja kwako kwa heshima zote, nikiwa mke wa mwanao. Huwaambia kuku. "Kuku wamekubali," anasema Nyakallo. "Donge ndilo bado linafikiria."

Halafu ikaja siku ile ya Aprili.

Wiki hiyo farasi jike mmoja wa mzee, mweupe kama unga, alikuwa amekata kamba akapotea. Vijiji vyote vya bondeni vilikuwa vikimtafuta. Katiso alikuwa juu kwenye kibanda cha mawe na wageni wanne. Asubuhi ilikuwa na jua zuri, na kibanda kiko ndani ya bonde dogo, mtu akiwa pale haoni kusini.

Lakini 'Malitaba, mlangoni kwake, aliona. Nyuma ya mlima wa kusini kulikuwa kumesimama kitu kama ukuta, cha kijivu chini na cheupe juu, nacho kilikuwa kinatembea. Ndege walikuwa wameacha kulia. Upepo, uliovuma mwezi mzima bila kupumzika, ulisimama ghafla.

"Upepo ukinyamaza hivyo wakati wa mavuno," anasema, "mimi huanua shuka zote."

Alikimbilia redio ya upepo. Redio hiyo haisikiki kibandani tu. Inasikika zahanati, inasikika dukani bondeni, inasikika kwa yeyote aliyewasha yake.

"Katiso, Katiso, hapa Thoteng! Mweupe anakuja! Amekwisha vuka mlima wa kusini. Shukeni sasa hivi!"

Redio ikakwaruza. Kisha ikatoka sauti ya Katiso, sauti ya furaha kabisa. "Mweupe? Kaonekana? Ashukuriwe Mungu! Anakuja upande huu?"

"Anakuja upande huo, ndiyo! Msimngoje!"

"Tumngoje? Sawa, shemeji! Nina kamba hapa na mahindi kidogo. Yule anapenda mahindi, hatanishinda."

"Katiso, si huyo! Ni Mweupe yule mwingine!"

"Kwani wako wangapi?"

'Malitaba alitazama dirishani. Mlima wa kusini haukuwepo tena.

"Nilifumba macho," anasema, na hata sasa anayafumba. "Kama mtu anayeingia maji ya baridi. Nikalisema."

Alilisema kwa kelele, kitufe cha redio kikiwa chini ya kidole gumba: "Lehloa! Lehloa anakuja!"

Halafu Katiso akarudi, sauti imeshuka, imejaa hofu na heshima. "Ntate Lehloa? Na goti lile? Nani kamruhusu apande?" Akanong'ona na mtu pembeni. "Basi hatuondoki hapa. Tutamngoja. Asije akafika akakuta kibanda kitupu, atanichapa bakora mbele ya wageni."

Redio ikakoroma, ikafa.

'Malitaba akageuka. Mlangoni, tandiko la yule jike mweupe likiwa begani, alikuwa amesimama Mzee Lehloa mwenyewe. Alikuwa amepanda toka bondeni kwa miguu, akimvuta farasi mwingine kwa hatamu, kuuliza habari za jike wake aliyepotea.

"Nilitamani ardhi inimeze," anasema Nyakallo, "na wala si mimi niliyesema."

Mzee alitazama ukuta wa jikoni. "Nani kaniita?"

Akageuza uso kusini, akatazama kwa muda, akaelewa. Aliweka tandiko juu ya meza, juu ya unga na kila kitu, akatoka kwenda kwa Moholi, farasi wake mwenyewe, ambaye hakuna mwingine anayempanda. Alitia mguu kwenye kikuku, akajivuta. Goti likakataa. Akajaribu tena. Likakataa tena, na safari hii alishika shingo ya farasi asianguke.

'Malitaba alikuwa amevaa kandambili. Alinyakua viatu vya mgeni vilivyokuwa vikikauka jikoni, akavivaa magazeti yakiwa bado ndani, akafunga blanketi kiunoni na kutoka. Akachukua hatamu kutoka mkononi mwa mkwewe.

"Hakunitazama, sikumtazama," anasema. "Ila alishika kikuku ili nipande. Yeye. Alinishikia kikuku."

Safari ile haisimulii sana. Anasema Moholi aligoma kwenye kijito, naye akamwinamia sikioni na kumwambia maneno ambayo mke wa mtu hayasemi. Anasema gazeti lilimuumiza vidole vya miguu njia nzima. Anasema alikuwa na hofu, na ndani ya hofu hiyo kulikuwa na kitu kingine ambacho alikionea aibu, kwa sababu watu walikuwa hatarini naye alikuwa anafurahi.

Alipotokeza juu, alimkuta Katiso amesimama juu ya jiwe, kamba mkono mmoja, kofia iliyojaa mahindi mkono wa pili, akipiga mluzi. Wageni walikuwa wamejipanga nyuma yake wamechana nywele, wakimsubiri mzee. Mmoja alikuwa ameandaa kamera.

"Ntate yuko wapi?" Katiso aliuliza.

"Hayupo."

"Na Mweupe?"

'Malitaba alinyoosha kidole nyuma yake. "Huyo."

Chembe za kwanza zilikuwa zinatua juu ya mahindi.

"Mimi nimekulia nyumba hiyo hiyo," anasema Katiso sasa, akijikuna kisogo. "Najua shemeji anaiitaje theluji. Lakini nani anafikiria theluji mwezi wa nne? Akili yangu yote ilikuwa kwa farasi."

Walishuka kwa miguu, farasi wakivutwa kwa hatamu, wote wakishikilia kamba moja, ile ile iliyoandaliwa kumfunga jike mweupe. 'Malitaba mbele, Katiso nyuma kabisa, wageni katikati wakiomba Mungu kila mmoja kwa lugha yake. Njia ilipopotea alifuata mazizi ya wachungaji, zizi hadi zizi, akigusa mawe kwa mkono. Mawe yalipoisha alifuata sauti ya kijito.

Walifika kungali na mwanga. Uani, mahali pale pale alipoachwa, mzee alikuwa bado amesimama, kofia na mabega yamefunikwa kwa weupe.

"Lehloa kavaa lehloa," Katiso alinong'ona. Hakuna aliyecheka.

Mzee alimpokea Moholi, akamfuta mgongo kwa blanketi lake mwenyewe, akamwongoza kuelekea bondeni akichechemea. Na yule jike mweupe? Alikuwa nyuma ya nyumba, kwenye bustani ya Nyakallo, akila kabichi. Alishinda hapo siku nzima.

Tangu siku hiyo Mzee Lehloa hajapanda Thoteng. Wengine wanasema ni goti. Wengine wanasema ni lile neno. Dukani wanawake wamepata la kusema. "Karibu, 'M'e 'Malitaba. Leo mkweo umemwitaje? Au siku hizi unampigia filimbi?" Anacheka nao, ananunua chumvi yake, na njiani anatembea haraka kuliko anavyohitaji.

Ndiyo maana ya ile ndoo ya pombe. Aliyetaja jina huenda kutubu, na mikono mitupu haitubu.

Saa tatu asubuhi mkate umetoka. 'Malitaba anajitwika ndoo, anafunga blanketi kwa pini kubwa shingoni, anatazama kusini mara ya mwisho. Hakuna kitu, ila upepo unaozunguka bila kuamua pa kwenda.

"Umelikumbuka neno lako?" Nyakallo anamuuliza.

"Lote. Kuanzia 'nakuja kwa heshima' mpaka mwisho."

"Na ukisahau?"

"Nitarudi kwa kuku."

Bondeni, Mzee Lehloa ameketi kwenye kigoda kando ya ukuta unaopata jua, akipukuchua mahindi. Katiso ameketi katikati, kwa sababu maneno lazima yapite kwa mtu. 'Malitaba anapiga magoti mbali, karibu na mlango wa zizi. Anaonja pombe kwanza, kama apasavyo mpikaji, kisha anaisogeza mbele.

Katiso anasafisha koo. "Ntate, mke wa Letlatsa ameleta pombe. Ni kwa ajili ya lile neno la redioni. Anasema hakukusudia kukuvunjia..."

"Katiso."

"Ntate?"

"Nyamaza."

Mzee anakunywa. Anafuta masharubu kwa mgongo wa mkono. Anachukua gunzi jingine, analizungusha, halipukuchui. Farasi sita wako nyuma ya ukuta wa zizi. Mmoja anapiga kwato.

"Siku ile aliniita," anasema, akiliambia gunzi. "Mlima mzima ukasikia. Kila nikienda dukani wananiuliza, Ntate, uliitikaje? Nami sina la kuwajibu. Maana sikuitika. Mtu kaniita, nikashika kikuku, nikakaa kimya kama mlevi."

Katiso anaisogeza ndoo karibu na mzee.

Mzee analiweka gunzi chini. Kisha anafanya jambo ambalo Katiso hajawahi kuliona nyumbani hapo: anageuza kigoda chake chote, goti bovu na yote, anaelekea upande wa zizi, aliko 'Malitaba.

"Basi naitika leo. Naam. Uliniitia nini, mwanangu?"

Hotuba yote aliyolifundisha donge la mkate imepotea. Heshima zote hazipo, mwanzo haupo, mwisho haupo. Upepo unainua makapi ya mahindi kutoka uani, unayazungusha, unayaacha. 'Malitaba anaondoa mkono uliokuwa umefunika mdomo.

"Farasi wasiuzwe, Ntate," anasema. "Nipe mimi njia ya juu."